Wasambaa na Mvua: Desturi za Kuishi na Hali ya Hewa Mlimani

Ukimuuliza mkulima wa Lushoto, kwenye milima ya Usambara, shamba lake liko wapi, mara nyingi hatakuonyesha mahali pamoja. Kipande kimoja kiko nyuma ya nyumba, kina migomba na kahawa. Kingine kiko mteremkoni, kina mahindi na maharage. Cha tatu kiko bondeni kando ya kijito, ndiko ziliko kabeji, karoti na nyanya. Wengine wana cha nne huko chini kabisa, nyikani, mwendo wa saa kadhaa kwa miguu. Mgeni huona usumbufu mtupu. Msambaa aliyelelewa na wazee wake huona usalama. Mvua ya mawe ikipiga upande huu wa kilima, upande wa pili huenda ukapona. Mto ukifurika na kusomba bustani ya bondeni, mahindi ya juu yapo. Jua likiyakausha mahindi, migomba ingali imesimama.

Mpango huu ni wa kale. Usambara Magharibi inainuka ghafla kutoka kwenye joto la nyika hadi vilele vinavyopita mita 2,200, na Wasambaa waliijua nchi yao kwa sehemu mbili: shambaai, yaani mlimani kwenye baridi na mvua, na nyika iliyo chini. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyekaa na wazee wa Usambara na kuandika habari zao, ameonyesha kwamba vijiji vingi vya zamani vilijengwa karibu na ukingo wa mlima ili familia moja iweze kulima juu na chini. Chakula kikuu wakati huo kilikuwa ndizi, nao walikuwa na sababu njema. Mgomba ukiangushwa na upepo, chipukizi lake limekwisha kutokeza pembeni.

Kama walivyogawa ardhi, ndivyo walivyogawa mwaka. Masika, ambayo wenyewe huiita ng'waka, huja kati ya Machi na Mei. Vuli huja kuelekea mwisho wa mwaka. Katikati, wakati wa baridi na ukungu, hupatikana manyunyu ya mluati, ambayo yanatosha kukuza maharage. Aliyevunjwa na masika mbaya hakai mwaka mzima akisubiri masika nyingine. Huchukua jembe akajaribu tena. Ndiyo maana katika nyumba iliyotulia huwezi kukuta mbegu zote zimepandwa kwa mkupuo. Kibuyu au debe la maharage hubaki darini, karibu na moshi wa jiko ambao huwafukuza wadudu, na mama mwenye nyumba ndiye anayeamua lini lifunguliwe.

Itazame familia hiyo asubuhi baada ya mvua ya mawe. Majani ya kabeji yamechanika, na udongo mwekundu umejaa kwenye mtaro uliochimbwa juu ya shamba ili kukinga maji. Watu hawaanzi na kabeji. Wanaanza na mtaro, kwa kuwa mvua nyingine inaweza kushuka jioni ileile. Mtaro ukishazibuliwa, hukaguliwa mche mmoja mmoja. Ulioharibika moyo hung'olewa ukapelekwa kwa ng'ombe zizini. Ambao moyo wake u mzima hupaliliwa na kuongezwa samadi. Penye mapengo hufukiwa maharage. Jirani anayepita njiani hasemi "pole" tu akaenda zake. "Pole mama, mbegu ipo?" ndilo swali lake, na jibu likiwa "imepungua, mwanangu," jioni mtoto hutumwa na kikapu. Mbegu hiyo haiandikwi popote, lakini kila mtu anajua kwamba siku moja itarudi.

Kazi nayo ina utaratibu wake. Katika kiwili, majirani hulimiana kwa zamu: leo kwangu, kesho kwako, hadi mashamba yote yaishe. Ngemo ni mwito wa mwenye kazi kubwa, naye huwaandalia chakula watakaokuja. Nguvu ya desturi hizi huonekana zaidi hali ya hewa inapokuwa mbaya. Mvua za kwanza zinaponyesha, siku za kupanda ni chache, na nyumba yenye mgonjwa, mjane au wazee watupu haiwezi kuziwahi peke yake. Kiwili huhakikisha kwamba nyumba hiyo haikosi msimu.

Kwa Wasambaa wa zamani, mvua haikuwa jambo la mawingu peke yake. Ilihusu pia utawala na haki. Watawala wa ukoo wa Kilindi, waliotokana na mwindaji Mbegha, walitawala kutoka Vugha, na watu waliwadai mvua kama walivyowadai amani. Kazi ya mtawala ilikuwa kuzifya shi, kuiponya nchi; mtawala mbaya aliharibu nchi, na njaa ilikuwa ushahidi wake. Mfalme Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, wanawe na wajukuu waligombea madaraka kwa miaka mingi, vita na biashara ya watumwa vikaingia mlimani, watu wakakimbia mashamba. Wazee walisema wenye nguvu wakishindana, mvua haitulii. Hata asiyeamini matambiko hawezi kuukataa ukweli uliomo: ukame huwa njaa pale ambapo watu hawana utulivu wa kulima, kuhifadhi na kugawana.

Serikali ya kikoloni ya Uingereza haikulielewa hilo. Katika miaka ya 1940 ilianzisha huko Mlalo mpango wa kuokoa udongo, kisha ikaueneza Usambara. Kila kaya iliamriwa kulima kwa matuta, na aliyekaidi alitozwa faini. Mmomonyoko ulikuwepo kweli, lakini kazi hiyo ya kuchosha iliangukia zaidi wanawake, na amri ilitoka kwa watu ambao hawakuwa na shamba huko. Wakulima waliipinga, wakasema nchi inaharibiwa, na kufikia mwaka 1958 mpango ulikuwa umekufa. Kuanzia mwaka 1981, mradi wa SECAP wa Tanzania na Ujerumani ulirudi kwenye tatizo lilelile kwa njia nyingine: kupanda majani ya guatemala na miti kwa mistari inayokingama mteremko, na kufuga ng'ombe zizini. Mstari wa guatemala huzuia udongo na hapohapo humlisha ng'ombe wa maziwa, naye hutoa samadi. Mwanamke anayeukata haoni amri ndani yake, anaona maziwa ya watoto. Ndiyo maana mistari hiyo bado ipo kwenye miteremko mingi.

Hata utabiri wa mvua umekuwa na mazungumzo kati ya wenyeji na wataalamu. Wazee huangalia kuchanua kwa miti, kutoka kwa kumbikumbi, mwelekeo wa upepo na joto linalopanda kutoka nyikani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao walifanya kazi Lushoto kuunganisha dalili hizo na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na katika andiko la mwaka 2015 walipendekeza utabiri mmoja unaokubaliwa na pande zote. Huo ni ushauri mzuri, kwa sababu mkulima hupanda kwa neno la mtu anayemwamini.

Leo hatari ni nyingine. Mashamba yamegawanywa kwa urithi hadi vipande vimekuwa vidogo sana, na fedha ya mboga inayotoka soko la Kariakoo, Dar es Salaam, inawavuta vijana wote bondeni. Familia iliyokuwa na vipande vinne sasa ina kimoja, chenye zao moja, kando ya mto uleule unaofurika. Mvua kubwa zikiporomosha mawe na udongo katika barabara ya kati ya Mombo na Soni, matenga ya nyanya huoza yakisubiri lori. Biashara ya mboga imesomesha watoto wengi na sina neno la kuilaumu. Lakini kuweka riziki yote mahali pamoja ni kuacha akili iliyoulinda mlima huu kwa vizazi vingi.

Akili hiyo inaweza kurithishwa hata pale ardhi isipotosha. Mwenye kipande kimoja anaweza kubakiza safu ya migomba na debe la mbegu. Vijana wenye bustani wanaweza kulimiana kiwili, na fedha ya msimu mzuri ikawekwa kwenye kikundi kwa ajili ya mwenzao atakayepigwa na mafuriko. Vijiji vinaweza kukubaliana, kwa sauti ya wanawake wanaolima, kutolima kingo za vijito na kutokata msitu ulio juu ya chemchemi. Mvua ya mlimani haijawahi kumtii mtu. Kilichowaweka Wasambaa hai ni makubaliano yao wenyewe, na hayo yapo mikononi mwetu kuyashika au kuyaacha.