Shahada au Stashahada ya Kilimo: Ipi Inalipa?

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, vijana waliosoma tahasusi za CBG, PCB na CBA huanza kuulizana: tukasome kilimo? Wapo watakaowaambia kilimo ni uti wa mgongo wa taifa, kwa hiyo ajira haitakosekana. Wapo watakaowacheka kwamba wanaenda chuo kikuu kujifunza kushika jembe. Mzazi anayetakiwa kutafuta ada hasaidiwi na kauli yoyote kati ya hizo. Kinachomsaidia ni hesabu.

Gharama

Chukua shahada ya miaka mitatu katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro. Kwa makadirio, weka ada ya shilingi milioni 1.3 kwa mwaka. Chakula na malazi weka 10,000 kwa siku, kiwango kinachotumiwa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, kwa siku 240: milioni 2.4. Mwaka mmoja ni milioni 3.7, na miaka mitatu ni milioni 11.1. Kompyuta, nauli na michango midogo midogo havimo humo.

Sasa chukua stashahada katika chuo cha Wizara ya Kilimo, mfano MATI Uyole, Ilonga au Ukiriguru. Aliyemaliza kidato cha sita husoma miaka miwili. Tukiweka ada ya milioni 1 kwa mwaka na matumizi yale yale, jumla ni milioni 6.8. Tofauti ni milioni 4.3, pamoja na mwaka mzima ambao mwenye stashahada anaweza kuwa kazini wakati mwenzake bado yuko darasani. Ukipata fomu ya kujiunga, ondoa makadirio haya uweke tarakimu za chuo chenyewe.

Mkopo unapunguza mzigo wa leo na kuupeleka kesho. Mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Aliyekopa milioni 11.1 yote, akaanza na mshahara wa 800,000, atakatwa 120,000 kila mwezi kwa takriban miaka saba na miezi minane, kama mshahara hautapanda. Nafuu ipo: tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021, kwa hiyo deni halivimbi kama zamani. Tena tangu mwaka wa masomo 2023/24, Bodi inakopesha hata wanafunzi wa stashahada katika fani kadhaa, kilimo na mifugo zikiwemo.

Malipo

Serikalini, Afisa Kilimo mwenye shahada huanzia ngazi ya mshahara ya TGS D, na mwenye stashahada huanzia chini ya hapo. Ukiangalia mshahara peke yake, shahada imeshinda. Lakini angalia na mlango wa kuingilia. Kazi ya ugani ya kata na kijiji, ya kumfuata mkulima shambani kwa pikipiki, kwa sehemu kubwa hufanywa na wenye stashahada na astashahada. Wote hupita Sekretarieti ya Ajira, na waombaji ni wengi kuliko nafasi. Mshahara mkubwa ambao hujaupata haulipi deni.

Shahada huonyesha thamani yake pale ambapo kazi haifanyiki bila hiyo: utafiti katika Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), udaktari wa mifugo, uhandisi wa umwagiliaji, uchambuzi wa mikopo ya kilimo benki. Udaktari wa mifugo huchukua miaka mitano, kwa hiyo gharama yake ni kubwa kuliko ya mfano wetu, ila mhitimu akishasajiliwa anaweza kufungua kliniki yake bila kusubiri tangazo la ajira.

Kwenye kampuni za mbegu na pembejeo hali ni nyingine. Meneja wa mauzo anamtafuta mtu anayeweza kuandaa shamba la mfano, kuutambua ugonjwa wa nyanya kwa kuuona, na kuaminiwa na wakulima. Kijana wa stashahada mwenye misimu miwili ya shamba anaweza kumpiku mhitimu wa shahada asiyewahi kukanyaga tope.

Jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi ni kwamba stashahada haifungi njia. Mwenye GPA ya 3.0 anaweza kuomba shahada baadaye, akiwa na uzoefu na akijua fani ipi inahitajika.

Uamuzi

Chagua shahada moja kwa moja ikiwa unalenga kazi inayoidai kisheria au kitaalamu, na una mkopo au familia inaweza kulipa bila kuuza shamba. Kuuza shamba ili mtoto asome kilimo ni hasara mara mbili: fedha zinaondoka, na mahali pa kufanyia kazi panaondoka pia.

Chagua stashahada ikiwa unataka kazi ya ugani, duka la pembejeo au ufugaji, au ikiwa mkopo uliopewa haufiki nusu ya gharama.

Na kama nia yako ni kulima tu, ardhi ipo na maji yapo, usianze na deni la milioni 11. Anza na kozi fupi, shamba dogo na soko ulilolihakikisha. Chuo hakihami.

Kwa wengi wasio na lengo mahsusi, ushauri wangu ni stashahada kwanza, shahada baadaye. Kabla ya kuthibitisha udahili, tafuta wahitimu watatu wa fani hiyo waliomaliza miaka mitatu iliyopita, uwaulize wanafanya kazi gani, walisubiri muda gani na wanalipwa kiasi gani. Majibu yao yaweke kando ya hesabu yako, ndipo ubonyeze kitufe cha kuthibitisha.