Maji kama pamba: namna picha ile inavyopatikana, na pale inapodanganya

Wengi wenye simu Baraka na Fizi wamekwisha kuona zile picha za maporomoko ambayo maji yake hayana tone hata moja. Ni kitu cheupe, laini, kama pamba iliyovutwa ama maziwa yanayomwagwa. Mawe yako wazi kabisa, mpaka yale majani madogo ya kijani yanayoshika jiwe unayaona, lakini maji yamegeuka moshi. Sasa mutu anashuka mtoni na simu yake, anapiga, anapata povu na matone ya kawaida. Anafikiri simu yake ni mbaya, ama ile picha ilitengenezwa kwa ujanja wa kompyuta. Mara nyingi si hivyo. Tofauti iko kwenye muda.

Kila kamera, hata ile ya simu ndogo, inapokea mwangaza kwa kipimo fulani cha muda kisha inaacha. Mchana wa jua kali, simu inapokea mwangaza kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, ama chini ya hapo. Maji yaliyoanguka urefu unaopita mita 1 kidogo yanakimbia karibu mita 5 kwa sekunde. Katika 1/1000 ya sekunde tone linasogea milimita 5 tu, njo maana linaonekana limesimama. Ongeza muda ufike nusu ya sekunde, na tone lile lile litasafiri zaidi ya mita 2 mbele ya kamera iliyo wazi. Halitaandikwa kama tone tena, litaandikwa kama mstari. Mistari maelfu ikilaliana inakuwa ile pamba. Jiwe halikusogea, kwa hiyo linabaki jiwe.

Tena jambo hili si la kisasa. Zamani za kwanza za upigaji picha hakuna aliyelitafuta, lilikuja lenyewe, kwa sababu vioo vya picha vya wakati ule vilihitaji sekunde nyingi ili vishike mwangaza. Eadweard Muybridge, Mwingereza aliyefanya kazi Marekani, alipiga maporomoko ya bonde la Yosemite mwaka 1872, na maji yake yametoka meupe kama shuka. Mwaka 1878 mutu huyo huyo alipanga kamera nyingi kwa mstari, akamnasa farasi akiwa mbioni na miguu yote minne hewani, kitu ambacho jicho halikuweza kuhakikisha. Mutu mmoja, mikono ile ile: mara ya kwanza muda ulikuwa mrefu, mara ya pili mfupi.

Muda gani basi unafaa? Hapa wapenzi wa picha hawapatani, na wengi wanazidisha. Sekunde 10 ama 20 juu ya maji mengi zinaleta ukungu mtupu, huwezi kujua tena maji yalipita wapi. Kwenye mto wenye mawe, kama Mutambala unaposhuka toka milimani kuja kutafuta ziwa, robo mpaka nusu ya sekunde ni nzuri zaidi: maji yanalainika lakini nguvu yake bado inaonekana, unaona pale yalipojikunja nyuma ya jiwe. Sekunde 1 ama 2 inafaa mahali maji ni kidogo. Na kumbuka kwamba ni povu linaloleta weupe. Maji yaliyotulia, ama yenye udongo mwekundu baada ya mvua, hayatoi pamba hata ukingoje mpaka jioni.

Shida kubwa ni jua. Ukiacha kamera wazi nusu ya sekunde saa sita mchana, picha nzima inaungua inakuwa nyeupe, na sehemu iliyoungua hairudi tena hata kwa programu gani. Dawa ya kwanza ni ya bure: kuchagua saa. Baraka jua linachomoza upande wa ziwa, nyuma ya Ubwari, na jioni linajificha nyuma ya milima ya Itombwe. Maana yake, makorongo yanayoangalia ziwa yanapigwa na jua la asubuhi usoni kabisa, lakini mchana ukipinduka yanaingia kivulini mapema, wakati sokoni bado watu wanatafuta mwavuli. Saa kumi na moja jioni, ama siku ya mawingu, njo wakati wake. Vitabu vya picha vya Ulaya vinasifu sana alfajiri. Kwa miteremko ya upande huu, jioni inashinda.

Dawa ya pili ni kioo cheusi kinachofungwa mbele ya kamera. Kile kinachopunguza mwangaza mara 64 kinageuza 1/30 ya sekunde kuwa sekunde 2 hivi. Asiyekuwa nacho anaweza kushika mbele ya simu lunettes za jua zilizo safi, haitakuwa kazi ya fundi lakini inasaidia.

Kwenye simu, tafuta ndani ya kamera modi inayoitwa Pro. Shusha ISO mpaka chini kabisa, 50 ama 100, kisha refusha muda. Simu zisizokuwa na modi hiyo zinaweza kusaidiwa na programu inayounganisha picha nyingi kuwa moja. Wenye iPhone, tangu mfumo wa mwaka 2017, wanapiga Live Photo kisha wanachagua ndani yake muda mrefu.

Lakini mkono wa mutu hauwezi kutulia nusu ya sekunde, usijidanganye. Asiye na miguu mitatu ya kamera achukue mfuko mdogo, aujaze mchanga wa hapo hapo mtoni, auweke juu ya jiwe, simu ilale ndani yake. Aweke pia kipima-muda cha sekunde 2, kwa sababu hata kidole kinachogusa kioo kinatikisa. Majani ya migomba yakipepea yatatoka kama moshi nayo. Na mama aliyeinama kuchota maji na bidoni yake atatoka kama kivuli bila uso. Huyo uombe ruhusa kwanza, umwambie asimame kimya kidogo, akikataa basi. Mtoni watu wanafua na kuoga, si fasi ya kunyoosha kamera ovyo.

Kuna mambo mengine ya kuangalia kabla ya kushuka bondeni. Mvua inaweza kunyesha milimani huku chini jua linawaka, na mto ukapanda ghafla mutu akiwa katikati ya mawe, macho kwenye simu. Maji yakibadilika rangi ama yakianza kubeba vijiti, toka, acha picha. Kisha pita kwa chifu wa kijiji na useme unachofanya, kwa kuwa mutu aliyeinama na vyombo pembeni ya daraja anaulizwa maswali. Mitambo ya umeme usiipige kabisa bila kibali. Kule Bendera, kusini mwa Fizi, ambako maji ya mto Kyimbi yanatoa umeme wa Kalemie, mtambo ulikuwa shabaha ya vita toka zamani: mwisho wa Juni 1965 waasi pamoja na Wakuba waliokuja na Che Guevara waliushambulia. Askari hawasahau fasi kama hizo.

Sasa kuna upande ambao wapenzi wa maji laini hawausemi sana. Mito hii inaua. Usiku wa kuamkia tarehe 17/4/2020 Mulongwe ulivunja nyumba Uvira. Usiku wa kuamkia tarehe 9/5/2025 mto Kasaba, katika sekta ya Ngandja, ulifagia kijiji na watu wengi wakafa, hasa watoto na wazee. Siku kama hizo picha inakuwa ushahidi kwa serikali na kwa wanaoleta msaada, na hapo simu inaweza kukusaliti bila kuulizwa. Gizani, ama chini ya mawingu mazito ya alfajiri, simu nyingi zinaingia zenyewe katika modi ya usiku na kurefusha muda mpaka sekunde kadhaa. Mafuriko yanayobeba miti na mabati yanatoka kwenye picha yakiwa laini, yametulia, mazuri hata. Anayeiangalia Bukavu ama Kinshasa ataona maji yaliyopita polepole.

Kwa hiyo siku ya mafuriko zima modi ya usiku, ama piga video. Muda uwe 1/250 ya sekunde ama mfupi zaidi, hata kama picha itakuwa na giza kidogo na chembechembe. Simama juu, mbali na ukingo. Weka ndani ya picha kitu ambacho watu wanajua kimo chake, mlango wa nyumba, nguzo, shina la mwembe, ili kina cha maji kijulikane. Maji yakishuka, rudi upige toka fasi ile ile. Na ile picha ya kwanza usiifute baada ya kuituma kwa WhatsApp, kwa sababu inayotumwa inapunguzwa uzito na kupoteza saa na tarehe zilizoandikwa ndani yake.