Wazee wa Bahari Tuwaulize Wangali Hai

Sanamu ya Askari imesimama Mtaa wa Samora, katikati ya Dar es Salaam, tangu mwaka 1927. Singe ya bunduki yake imeelekea bandarini. Maandishi yake yanawataja askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, kisha watu wengine wote waliotumika. Baharia yumo humo kwenye "wengine". Na kama mvuvi wa pwani hii alitumika katika vita, naye yumo humohumo.

Haikuwa vita ya nchi kavu peke yake. Tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliishambulia Pegasus ya Waingereza, iliyokuwa imetia nanga Unguja kwa matengenezo, ikaizamisha. Baadaye Königsberg ikajificha kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, na Waingereza wakahangaika nayo hadi walipoimaliza tarehe 11 Julai 1915. Wajerumani wakaing'oa mizinga yake 10, wakaitengenezea magurudumu, ikakokotwa bara kwa nguvu za Waafrika. Mabaharia wa Pegasus wamezikwa kisiwa cha Chapwani na makaburi yao yanajulikana. Walioikokota mizinga ile hatuna hata majina yao.

Vita Kuu ya Pili iliwaweka mvuvi na mwanamaji kwenye sitaha moja. Uingereza ilizitwaa meli za uvuvi pamoja na mabaharia wake, ikawapa kazi ya kutegua mabomu ya baharini na kusaka nyambizi. Nyingine ikaziunda upya kwa umbo lilelile. Mojawapo, Rosalind, ililetwa Afrika Mashariki baada ya vita, ikatumiwa na Jeshi la Majini la Kifalme la Afrika Mashariki, lenye makao yake Mombasa, lililovunjwa mwaka 1962. Tanzania ilianzisha jeshi lake la majini Kigamboni mwaka 1971 kwa msaada wa China. Miaka 7 baadaye majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera, na taifa zima likaingia vitani hadi Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979.

Mvuvi hufika jeshini akiwa na nusu ya elimu tayari. Amezoea kukesha kwa zamu, anajua fundo lipi hushika na lipi hufunguka haraka, anajua bamvua na maji mafu. Akitaka kuupata mwamba wenye samaki, hulinganisha mnara wa mbali na mnazi ulio mbele yake, kisha alama mbili nyingine za upande wa pili. Zinapokutana, hapo hapo hutia nanga. Hiyo ni hesabu ileile ya baharia wa manowari, ila mvuvi ameibeba kichwani.

Huku kwetu Kiwalani, Dar es Salaam, hakuna ufukwe. Ipo upande wa uwanja wa ndege, na anayeishi huku akitegemea bahari hupanda daladala alfajiri kwenda soko la samaki la Feri. Huko hukuta vyombo vimerudi: vibua, changu, jodari, dagaa walionaswa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, wavua dagaa hupumzika. Kusi likivuma kwa nguvu kati ya Aprili na Septemba, vyombo vidogo hukaa pwani na mifuko hukauka. Samaki hupigwa mnada. Kwenye fedha hutolewa kwanza mafuta na barafu, kinachobaki hugawanywa kati ya mwenye chombo na mabaharia. Siku ya bahari tupu, baharia hurudi na uchovu wake tu. Jioni, ndoo zilizotoka Feri huwa zimefika Kiwalani, samaki wanakaangwa barazani, na mlaji hana habari ya usiku ule.

Mtazame mzee akishona jarife. Hulitandaza mapajani, hukata nyuzi zilizochanika mpaka tundu liwe na kingo safi, kisha sindano hupita jicho hadi jicho, kidole kikipima ukubwa wa kila moja. Mikono hiyo ndiyo inayopaswa kulaani uvuvi wa baruti, maana mlipuko mmoja huua vifaranga vya samaki na kuvunja matumbawe yaliyochukua miaka mingi kukua. Sheria ya Uvuvi ya 2003 inaupiga marufuku uvuvi huo, lakini sheria bila mashahidi wa baharini haifiki mbali.

Kijana aliyekuwa na miaka 20 vita vya Kagera vilipoanza leo anakaribia 70. Wale wa wakati wa Rosalind ni wazee zaidi, waliobaki ni wachache. Tunaadhimisha Siku ya Mashujaa kila tarehe 25 Julai kwa mikuki, ngao na mashada. Naomba tuongeze jambo moja jepesi: walimu wa Kiwalani, Temeke na Kigamboni wawaalike darasani wazee waliotumikia bahari, wa jeshi na wa nyavu, na wanafunzi waandike wanachosikia: jina la chombo, nahodha, pepo, miamba, waliozama. Daftari la shilingi chache linatosha kuanzia. Waliovuta mizinga ya Königsberg hakuna aliyewauliza. Hawa bado tunaishi nao mtaa mmoja.