Karanga Zijikingazo na Wadudu

Jina la Kongwa lilipata kusikika duniani kote kwa ajili ya karanga. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha huko shamba kubwa mno la karanga, ikaleta matrekta na mashine za kung'oa vichaka. Lakini mvua ilikuwa haba, na udongo ulipokauka ulikuwa mgumu hata vyombo vikavunjika. Mwezi wa Januari 1951 mpango ule ukaachwa. Mashine zilikwenda zao, lakini karanga hazikwenda. Hata leo wakulima wa Ugogo huzipanda. Basi twataka kueleza habari za adui mmoja wa zao hili, na jinsi mbegu yenyewe iwezavyo kumpinga.

Adui huyo ni kidukari. Ni mdudu mdogo, mweusi, mwororo, akaaye kwa makundi katika machipukizi na kunyonya maji ya mmea. Jike huzaa bila dume, na watoto wake nao huzaa baada ya siku chache, kwa hiyo kundi huongezeka upesi sana. Lakini hasara kubwa haitoki katika kule kunyonya, bali katika ugonjwa auchukuao, uitwao rozeti. Majani huwa ya manjano au ya kijani kizito, na mche hudumaa ukawa kama kichaka kidogo. Ukishikwa ungali mchanga, mkulima hapati kitu. Ugonjwa huu uliandikwa mara ya kwanza mwaka 1907, nao ulionekana katika nchi iitwayo leo Tanzania bara. Mwaka 1928 wataalamu wawili, Storey na Bottomley, walieleza ya kwamba kidukari ndiye mchukuzi wake.

Dawa ya kunyunyiza yaweza kumwua kidukari, lakini yataka fedha, bomba na maji, navyo ni shida kwa mtu mwenye ekari moja. Je, haiwezekani mmea ujilinde wenyewe? Yawezekana. Mwaka 1952 ugonjwa huu uliangamiza mbegu za namna nyingi huko Senegal, zikasalimika chache zilizotoka mpakani mwa Burkina Faso na Côte d'Ivoire. Hizo zilikuwa na nguvu ya kuushinda ugonjwa. Lakini zilichelewa kukomaa, na katika nchi ya mvua fupi kama Kongwa, karanga ichelewayo hukaushwa na jua kabla ya kuvunwa.

Baadaye wataalamu wa ICRISAT, kituo cha utafiti chenye makao yake India, walipata mbegu ya namna nyingine, iliyoandikwa ICG 12991. Hii hukomaa mapema, nayo haipingani na ugonjwa, hupingana na mchukuzi wake. Kidukari akitua juu yake hanyonyi vema wala hazai sana, basi ugonjwa hauenei. Nchini Malawi ilitolewa kwa wakulima mwaka 2001 kwa jina la Baka.

Tabia hiyo njema yaweza kuhamishwa katika mbegu nyingine. Ua la karanga hujichavusha lenyewe. Kwa hiyo mtaalamu hulifungua jioni likiwa bado changa, akaondoa sehemu za kiume, na asubuhi akalipaka chavua ya ua la mbegu nyingine. Tena sharti awe na subira: watoto wa ndoa hiyo hawaionyeshi nguvu ya kumpinga kidukari, huonekana kwa wajukuu, yapata mmoja katika wanne. Hao ndio huchaguliwa na kupandwa tena, mwaka baada ya mwaka.

Lakini mbegu njema haimwondolei mkulima kazi yake. Apande mara mvua zinapoanza, maana karanga za mapema huwa zimekwisha kukua vidukari wanapozidi. Apande karibu karibu, majani yafunike udongo, kwa sababu vidukari warukao hupenda kutua penye nafasi tupu. Ang'oe karanga zilizojiotea, zisiwe makao ya ugonjwa. Na kabla ya kununua mbegu, amwulize bwana shamba ni ipi ikomaayo mapema na kupingana na rozeti.

Watu wa mwaka 1947 walitaka nchi ya Kongwa ifuate mashine zao, nayo ikakataa. Yafaa sisi tutafute mbegu iifuatayo nchi.