Mabawa Mawili: Utangulizi kwa Mbunifu Anayeanza

Mwaka 1914 rubani Mjerumani, Bruno Büchner, alifika Dar es Salaam na ndege ya mabawa mawili, kiti chake kikiwa wazi kwa jua na upepo. Ililetwa kwa maonyesho ya koloni yaliyopangwa Agosti. Vita vikayazuia, ndege ikaingizwa jeshini.

Anayeanza kujifunza kubuni ndege kama hiyo huuliza: kwa nini mabawa yapandane, ilhali ndege zinazotua Uwanja wa Nyerere hazina mabawa ya namna hiyo? Simama chini ya paa la bati, utazame juu. Fundi hakuweka boriti moja nene. Amefunga mbao nyembamba kwa pembetatu, zikawa kenchi. Bawa la juu, la chini, nguzo za kati na waya za mshazari ni kenchi inayoruka. Mbao nyepesi na kitambaa vinatosha kubeba watu wawili. Malipo yake ni ukinzani wa hewa: kila waya unaivuta ndege nyuma, na mabawa yakikaribiana mno, moja huvuruga kazi ya jingine. Kwa hiyo nafasi kati yake hukaribia upana wa bawa lenyewe, na la juu mara nyingi husogezwa mbele kidogo.

Mfano wangu mkuu ni Moth, ndege ya mbunifu Mwingereza Geoffrey de Havilland, iliyoruka kwanza Februari 1925. Injini yake ya Cirrus, yenye nguvu za farasi 60 hivi, ilitokana na nusu ya injini ya Renault ya silinda nane iliyosalia baada ya vita. Mabawa yalikunjwa ili iingie banda dogo. Abiria alikaa mbele, karibu na kitovu cha uzito. Akishuka, mizani ya ndege haiyumbi. Kwangu mimi huo ndio uamuzi bora katika mchoro mzima. Gipsy Moth iliyofuata ndiyo ambayo shirika la ndege la Wilson Airways la Nairobi lilianza nayo mwaka 1929, na ndimo alimofia mwindaji Denys Finch Hatton pale Voi, Mei 1931.

Pwani ina masharti yake. Hewa ya joto ni nyepesi, hivyo mbio za kuruka hurefuka. Chumvi hula waya. Unyevu huvimbisha mbao. Kwa vile kila kilo huhesabika, sura ya kwanza nimeiachia uzito. Pima rubani, abiria, mafuta na injini, uandike jumla, ndipo ushike penseli.