Kwa Nini Sauti ya Hedifoni Hufifia Maikrofoni Inapowashwa?

Juma anasikiliza muziki kwenye kompyuta kwa hedifoni za Bluetooth. Sauti ni safi. Akijiunga na somo la mtandaoni, sauti ya mwalimu inakuwa hafifu kama ya simu. Je, anunue hedifoni nyingine?

La, hazijaharibika. Bluetooth husafirisha sauti kwa njia mbili:

(a) Kusikiliza tu. Sauti hutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye hedifoni pekee. Ubora huwa wa juu, na kila sikio hupata sauti yake.

(b) Mazungumzo. Maikrofoni ya hedifoni ikiwashwa, sauti huenda na kurudi kwa wakati mmoja. Ili zote zitoshe, ubora hupunguzwa. Katika mfumo wa zamani, sauti hupimwa mara 8,000 kwa sekunde. Kwenye CD ni mara 44,100. Masafa yanayohifadhiwa hayazidi nusu ya idadi hiyo, hivyo yaliyo juu ya Hz 4,000 hupotea. Ndiyo maana "s" na "f" husikika karibu sawa.

Ufumbuzi: Fungua mipangilio ya sauti, kisha chagua maikrofoni ya kompyuta yenyewe. Hedifoni zibaki za kusikilizia tu.

Zingatia: Sauti inayokatikakatika ni tatizo jingine. Bluetooth na Wi-Fi nyingi hutumia masafa ya GHz 2.4, hivyo huweza kuingiliana. Sogea karibu na kompyuta, au tumia Wi-Fi ya GHz 5.

Swali: Eleza kwa nini kubadili maikrofoni hurudisha ubora wa sauti unayoisikia.