Mume Naye Apimwe

Kwetu Tongoni, kusini ya Tanga, mtu akivimba pumbu aghalabu husemwa ana busha. Lakini busha ni maji. Upo uvimbe mwingine, wa mishipa ya damu, ambao huwa zaidi upande wa kushoto. Vilango vya mishipa hiyo vikilegea, damu ipasayo kupanda kurudi moyoni hurejea chini ikatuama. Korodani hupata joto, na mbegu huweza kudhoofu. Si wote wadhurikao, na wadhurikao huweza kusaidiwa hospitalini kwa kufungwa mishipa hiyo.

Basi twawausia ndugu zetu: ndoa ikikosa mtoto, mume asimlaumu mkewe wala asimpe talaka ilhali yeye mwenyewe hajapimwa. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kutafuta dawa, kuona haya kusituzuie. Mtoto ni majaaliwa ya Mwenyezi Mungu.